Mshale Ulisema Thelathini

Asubuhi niliyoondoka Izimbya nilikuwa nimetumwa nyasi. Nyumba zetu wakati ule zilitandikwa nyasi sakafuni, na mama alitaka za zamani zitolewe kabla ya wageni wa Jumapili. Nikachukua mundu, nikapanda rweyani, kule kwenye uwanda wa majani juu ya migomba yetu, nikakata mzigo wa kutosha, nikaufunga. Hapo nikasikia lori likipanda mlima. Linalia, linanyamaza, linalia tena kwa sauti nyingine. Nikataka kujua kwa nini linabadilisha sauti. Sikuwa na sababu nyingine. Nilichomeka mundu juu ya mzigo ili atakayeukuta ajue una mwenyewe, nikateremka barabarani, nikadandia juu ya magunia ya kahawa. Dereva hakuniuliza naenda wapi, na angeniuliza ningekosa jibu.

Ndivyo nilivyokuwa. Shule niliiacha darasa la nne, maana mwalimu alirudia yale yale na mimi nilikuwa natazama nje. Kabla ya siku ile nilikuwa nimeshabeba matofali ya misheni, nimegeuza kahawa kwenye mikeka ya watu, nimepakua mizigo ya meli Kemondo. Uhuru ulikuwa umeshakuja, na kila mkutano tuliambiwa tukae kijijini tulime kwa pamoja. Mimi nilipiga makofi kama wengine, lakini miguu ilikuwa inaniwasha.

Nawaandikia ninyi vijana wa gereji, hasa ninyi mnaofunga matairi makubwa ili pikapu zisimame juu kama jogoo anayetaka kuwika. Mnanijia mnaniuliza, mzee, litapita? Litapita. Ila kuna jambo hamniulizi, na hilo ndilo lililotaka kumtoa barabarani dereva mwangalifu kuliko wote niliowahi kuwaona.

Kwanza niwaambie ufundi niliupata wapi. Lori lile lilinishusha Bukoba mjini, karibu na gereji ya Mzee Valji. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa pale pale, mwenye duka la vipuri mbele na gereji nyuma, na Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko cha makarani wengi. Nilisimama mlangoni nikitazama fundi akifungua gia boksi. Nilitazama mpaka fundi akachoka kutazamwa.

"Unataka nini wewe?" Mzee Valji akaniuliza.

"Nataka kujua kwa nini lori linabadilisha sauti likipanda mlima."

"Na ukishajua?"

"Nitaondoka."

Akacheka mpaka akakohoa. "Waitu, ndugu yangu, basi sitakwambia leo." Akanipa kitambaa na kopo la mafuta ya taa, nikaanza kusafisha meno ya gia. Alikuwa na akili yule mzee. Kila nilipojua jambo moja alinionyesha jingine nisilolijua, na hivyo akanishika muda mrefu kuliko mtu yeyote kabla yake.

Kwa Mzee Valji nilijifunza kugonga tairi kwa nyundo na kusikiliza: lenye upepo linajibu, lisilo na upepo linanung'unika. Nilijifunza kutosimama mbele ya rimu yenye pete ya chuma inayoshika tairi wakati wa kujaza upepo. Pete ile ikiruka haiulizi jina. Zungusha mnyororo kwenye gurudumu kwanza, kisha kaa pembeni. Nilijifunza pia mambo ya kutofanya. Katekista mmoja wa Kanyigo alikosa tyubu ya pikipiki yake, akashindilia majani makavu ya migomba ndani ya tairi na kuondoka anaimba. Alirudi anaisukuma, gurudumu linatoa moshi kama jiko. "Mbona hukuniambia yanaungua?" akamlaumu Mzee Valji. Mzee akamwambia, "Katekista, wewe ndiye unayefundisha habari za moto."

Mtacheka, lakini tulikuwa tunaishi hivyo. Baada ya Azimio mabasi yaliingia mikononi mwa ushirika, na vipuri vikawa vya kusubiri meli. Ukikosa tairi la kipimo chako unafunga la kipimo cha jirani. Na hapo ndipo ninapoingia kwenye habari ya Ta Novati.

Ta ni baba. Ndivyo tunavyomwita mtu mzima wa heshima. Ta Novati aliendesha basi la ushirika, dogo, lenye pua fupi na boneti la injini ndani, kutoka Bukoba kupitia Izigo na Muleba mpaka Buganguzi, na kurudi jioni. Hakupita maili thelathini kwa saa hata siku moja. Aliwahi kuona basi la mwenzake likiwa limelala korongoni, akasaidia kuwatoa watu, na tangu hapo akaweka nadhiri kanisani: thelathini, basi. Abiria walimtania. "Ta Novati, kuku wangu ametaga njiani!" Yeye alitazama mshale, akatabasamu, hakukanyaga mafuta. Alipenda kusema kwamba mtu anaweza kudanganywa na haraka yake, mshale hauna haraka.

Siku moja matairi yake yakaisha kabisa, nyuzi zinaonekana. Ghala la ushirika lilikuwa tupu. Mzee Valji alikuwa na magurudumu ya lori lililokufa, rimu na matairi yake, marefu kuliko yale ya basi. Matundu ya nati yalilingana. Tulikata bati la madigadi kidogo ili yasikwaruze, tukayafunga yote, mbele na nyuma, na basi likainuka. Ta Novati alilizunguka mara mbili akiligusa kama ng'ombe mpya. Matairi ya zamani tulimpa mshona makatambuga wa sokoni, naye akayakata viatu siku hiyo hiyo.

Ikapita miezi kidogo. Kisha malalamiko yakaja, na hayakutoka polisi wala kwa abiria. Yalitoka kwa padri wa Izigo.

Mjue kwamba Izigo watu hawakuwa na saa. Walikuwa na misa. Basi la Ta Novati lilikuwa likifika kituoni karibu na kanisa wakati watu wanatoka misa ya asubuhi, na ndivyo walivyolizoea: unapokea baraka, unachukua mkungu wako wa ndizi uliouegemeza ukutani nje, unapanda basi. Sasa basi lilikuwa linafika padri akiwa bado madhabahuni. Honi ikilia, wanawake wa sokoni wanaanza kunyanyuka mmoja mmoja. Wengine wakaanza kukaa nyuma kabisa, karibu na mlango, mguu mmoja nje. Padri akageuka kutoa baraka, akabariki mabenchi.

Alifunga safari mwenyewe mpaka Bukoba kwa baiskeli kulalamika. Meneja wa mabasi, Bwana Sosteni, kijana aliyetoka masomoni, mpole, alimwita Ta Novati gereji mbele yetu.

"Ta, unaondoka mjini kabla ya wakati?"

"Hapana. Mzee Valji ananiona kila siku."

Mzee Valji akatikisa kichwa kukubali.

"Basi unakimbiza gari."

"Thelathini," Ta Novati akasema. "Kwa nadhiri yangu."

"Ta, barabara ni ile ile. Ukifika mapema umekimbia. Na dizeli yako inaisha haraka huku maili hazionekani." Bwana Sosteni hakupenda kusema lililofuata, nilimwona akitazama viatu vyake. "Juma hili likiisha padri akilalamika tena, funguo utaniachia mimi. Utalinda yadi."

Meneja alipoondoka, Ta Novati alikaa kwenye ngazi ya basi. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anaogopa. Akaniambia polepole, kwa Kihaya, kama mtu anayeungama, kwamba pengine meneja ana haki. Siku hizi miti ya mikaratusi inamjia kwa kasi. Kona ya mteremko kabla ya Izigo anaipata kabla hajawa tayari, na juzi gurudumu la nyuma lilikanyaga majani ya ukingoni, watu wakapiga kelele.

"Mwili unaniambia tunakimbia, mshale unaniambia tunatembea. Mmoja wetu ni mwongo, na mshale hauzeeki. Nadhani macho yameniisha. Afadhali nitoe funguo mwenyewe kabla sijaua watu."

Mimi sikulala vizuri na neno hilo. Nikaanza na waya wa spidomita, ule unaotoka kwenye gia boksi mpaka kwenye dashibodi. Nikauchomoa, nikausafisha, nikaupaka grisi. Nikaujaza grisi sana, kwa kweli. Asubuhi mshale ulikuwa unacheza ngoma kutoka sifuri mpaka sitini, na Ta Novati, ambaye hakuwa na hamu ya utani, akanifuata akiwa na spana mkononi. Nikausafisha tena. Ukarudi pale pale: thelathini, umetulia, umejaa heshima.

"Umeshauliza mshale," Mzee Valji akaniambia. "Muulize sasa anayeuambia mshale."

Sikuelewa. Lakini nilikuwa siwezi kukaa chini, nikapanda basi siku iliyofuata, nikakaa kwenye boneti la injini pembeni ya Ta Novati, macho kwenye mshale. Thelathini. Nikatazama nje: mikaratusi inapita vuu, vuu. Nikatazama ndani: thelathini. Ta Novati jasho linamtoka na asubuhi ilikuwa ya baridi.

Tukafika Izigo. Kanisani wanaimba bado. Mlango ukafunguka kidogo, akatoka Ma Koku, mama mfupi mnene aliyeuza ndizi Muleba, mkungu kichwani, anakimbia, kanga inamfunguka.

"Ta Novati! Utanipeleka motoni wewe! Leo tena sijabarikiwa!"

"Panda, Ma Koku."

"Napanda na dhambi zangu zote!" Akajitupa kitini, akahema. "Basi lako siku hizi ni kama mume wangu tukija kanisani. Yeye ni mrefu kama mnazi wa misheni. Anatembea, mimi nakimbia, halafu ananiuliza, mama, mbona unahema? Hatua ni zile zile, waitu, lakini miguu siyo!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kuona miguu ya lile basi.

Hebu fikirini na ninyi. Spidomita haina macho. Haioni barabara wala mikaratusi. Inachojua ni mizunguko tu, na kiwandani iliambiwa mara moja: gurudumu likizunguka mara moja, gari limekwenda kiasi hiki. Ukilifunga gurudumu refu zaidi, hatua moja inakwenda mbali zaidi, na spidomita inaendelea kuhesabu hatua kwa miguu ya zamani. Ukifunga dogo, inakuwa kinyume: mshale unajisifu, gari linatambaa, na namba za maili zinapanda bure.

Muleba watu waliposhuka nilimwambia Ta Novati azime injini. Nilitaka kupima tairi la zamani, na hapo nikakumbuka kwamba matairi ya zamani yanatembea sokoni Bukoba, miguuni mwa watu. Nikakaa chini. Ni Ta Novati aliyesema, "Na la akiba?"

Lilikuwa limefungwa uvunguni kwa nyuma, limejaa tope. Spea. Hakuna aliyelikumbuka, kwa sababu Mungu alitunyima pancha, na tungeipata tungefunga mguu mfupi pamoja na mirefu na kuumiza difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Tulilitoa. Ma Koku akatupa kamba ya mgomba aliyofungia mzigo. Tukaizungusha kwenye spea, tukafunga fundo. Tukaizungusha kwenye gurudumu la nyuma. Fundo halikufika. Lilibaki pengo la mkono, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Nikaikunja kamba ya spea mara sita: pengo lilikuwa sawa na mkunjo mmoja. Kila gurudumu jipya lilipozunguka mara sita, lilikwenda mwendo wa mara saba.

"Maana yake?" Ta Novati akauliza.

"Maana yake mshale ukisema thelathini, barabara inasema thelathini na tano. Macho yako ni mazima, Ta. Wewe ndiye uliyekuwa unasema kweli."

Alichukua ile kamba, akaizungusha yeye mwenyewe tena, polepole, akavuta, akatazama pengo. Kisha akajifuta uso kwa kofia, na Ma Koku, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, akageuka kupanga ndizi zake.

Jioni tulimwonyesha Bwana Sosteni. Hakubisha, na nawaambia hili kwa kuwa wengi wenu mnafurahia kumbishia bosi. Alivua saa, akaikunja mikono ya shati, akashika kamba. Kisha akauliza swali ambalo mimi sikulifikiria: kama maili za dashibodi ni pungufu, si hata mafuta ya injini tunayabadilisha kwa kuchelewa? Ndiyo, tulikuwa tunayachelewesha, na dizeli ilionekana inapotea kwa sababu ile ile. Mzee Valji naye akatusahihisha sote: kamba inatoa picha, lakini tairi likibeba watu linabonyea. Piga alama ya chaki chini ya tairi na ardhini, gari likiwa na mzigo, lisukume mpaka chaki irudi chini, pima ardhi. Fanyeni hivyo hata leo. Na mkumbuke kwamba gurudumu kubwa linazifanya breki ziwe nzito na injini ichoke mlimani. Lile basi lilikuwa limeanza kushuka gia mapema, na Ta Novati akadhani nalo limezeeka.

Matairi mengine hayakuwapo. Kwa hiyo asubuhi iliyofuata Ta Novati alikuja na kipande cha mgomba kinachovuja utomvu. Mnajua utomvu wa mgomba ukikauka hautoki hata kwa kufua. Akachovya kijiti, akachora mstari kwenye kioo cha spidomita, kwenye ishirini na sita hivi.

"Hiyo ndiyo thelathini yangu," akasema.

Bwana Sosteni alikaa mbele na saa yake. Mimi boneti. Tulipoteremka ile kona kabla ya Izigo, Ta Novati aliipinda taratibu kama mtu anayegeuza mtoto aliyelala. Mikaratusi ilipita mmoja mmoja, mtu angeweza kuisalimia. Ukaja ukuta wa kanisa, umeegemezwa mikungu. Mlango umefungwa. Ta Novati akapunguza, akasimamisha. Hakupiga honi. Tukangoja kidogo tu, na mlango ukafunguka wazi, watu wakamwagika nje wote kwa pamoja, na nyuma yao padri akasimama kizingitini. Akaliona basi, akainua mkono. Sijui alikuwa anatubariki au anauliza mbona hatukupiga honi.

"Nimebarikiwa!" Ma Koku akapiga kelele akipanda. "Kuanzia kichwani mpaka kwenye ndizi!"

Bwana Sosteni akafunga saa yake mkononi. "Funguo kaa nazo, Ta," akasema, akashuka Muleba kwa shughuli zake.

Mimi nilipaswa kurudi na basi jioni. Lakini nilikuwa nimeshajua, na mnajua nilivyomjibu Mzee Valji siku ya kwanza. Buganguzi tulipozima injini nikasikia mashine ya kukoboa kahawa upande wa pili wa kilima. Inakohoa, inasimama, inakohoa tena. Ta Novati aliniona nimeinua kichwa.

"Nenda," akasema. "Nitamwambia Mzee Valji hukuibiwa."

Siku hiyo Ma Koku hakuishia Muleba, alikuwa anakwenda kwa kaka yake, Ta Anatoli, mwenye kibanja, shamba la migomba, pale juu. Nikambebea kapu. Nilimwuliza kama kuna pahali mtu anaweza kulala, akasema kwa kaka yake kuna nafasi kwa mtu yeyote asiyekoroma. Tukapita katikati ya migomba mpaka kwenye nyumba. Nikavua viatu mlangoni, nikaingia, na miguu ikakanyaga nyasi. Mbichi, zimetandikwa asubuhi hiyo, zinanukia rweya. Nikaukumbuka mzigo niliouacha Izimbya, mundu juu yake.

Ta Anatoli akaninyooshea kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, kama inavyopasa kwa mgeni, akanionyesha kwa kidevu pembe ya chumba penye mkeka. "Utalala pale, mwanangu." Kisha akamgeukia dada yake. "Leo basi lenu limechelewa sana. Nilishaanza kuwa na wasiwasi."

Ma Koku akanitazama, nami nikatia kahawa mdomoni.

"Halikuchelewa, Ta," nikamwambia. "Leo ndipo limefika kwa wakati wake."